Mbingu ya Kabambare kwa Wino wa Buluu

Nikiwaeleza watu wa kwetu Kasongo kazi ninayofanya Bukavu, wanacheka kwanza, halafu wananionea huruma. Natengeneza mbingu. Mchoraji wa majengo akitaka kujua dirisha liwe kubwa kiasi gani na likae upande upi, mimi nampa mbingu ya mwaka mzima ndani ya kompyuta, saa baada ya saa, ili aone darasa lake litakavyokuwa na mwanga saa nne asubuhi mwezi wa pili, au saa tisa alasiri mwezi wa nane, kabla tofali la kwanza halijawekwa. Jirani wa mama, muuza vitenge, aliniuliza kama kuna mtu ananilipa kwa jambo hilo. Nilipomjibu kwamba yupo, aliniangalia kidogo, akaendelea kukunja vitenge vyake.

Safari hii ilikuwa shule ya Kabambare. Madarasa sita, umeme hakuna, na hata wa kuuahidi hakuna. Nilikwenda kuliona darasa la zamani kwa pikipiki kutoka Kasongo, siku nzima ya kurushwa na kushuka kusukuma, nikafika nimepakwa udongo hadi kwenye nyusi. Watoto wa mstari wa nyuma walikuwa wanainamisha madaftari kuelekea mlangoni ili wasome. Ukiongeza madirisha ovyo, jua la adhuhuri linaingia na kukaa ubaoni, hakuna anayeona kitu. Ukirefusha paa ili mvua isipige ukuta, giza linarudi. Hapo ndipo inapohitajika mbingu iliyohesabiwa sawasawa, na mimi huwa sikubali kazi ya kukisia. Ofisini wananiita mgumu, na hawakosei.

Tatizo lilikuwa kwamba Kabambare haikuwa na mbingu. Nina maana kwamba kwenye mafaili yanayouzwa na yanayogawiwa bure, mji wa karibu wenye rekodi za hali ya hewa za mwaka mzima ulikuwa mbali sana, kando ya ziwa, na mawingu ya ziwani hayana tabia za kwetu. Kulikuwa na makisio yanayotoka kwenye vyombo vya angani, lakini mkuu wangu alitaka kitu cha kuyapimia, kilichoandikwa na mtu aliyesimama pale pale chini akaangalia juu.

Nilijua kilipo. Kilikuwa chini ya kitanda cha mama yangu Kasongo, ndani ya sanduku la bati, na nilikuwa nimekaa miaka mingi bila kutaka kukigusa.

Baba yangu alikuwa mpima hali ya hewa kwenye shamba moja la majaribio huko Kabambare. Neno ni kubwa kuliko vifaa. Alikuwa na kipimajoto ndani ya kisanduku cheupe cha mbao, kopo la kupimia mvua, na macho yake mawili kwa ajili ya mawingu. Asubuhi, adhuhuri na jioni alisimama mahali palipo wazi, akazunguka taratibu, akaigawa mbingu sehemu nane kichwani mwake na kuhesabu ngapi zimefunikwa. Wingu sifuri ni mbingu tupu, wingu nane ni blanketi. Aliandika daftarini, mezani, kwa kalamu nyeusi ya shamba iliyofungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza isije ikaota miguu yake yenyewe. Kamba hiyo niliiona mara moja, nilipopelekwa kumtembelea nikiwa mdogo. Ilikuwa fupi, ikambidi kuinama kila alipoandika.

Sisi tuliishi Kasongo, mama, dada yangu mkubwa na mimi, kwa sababu nyumba ya wazazi wa mama ilikuwa hapo, na biashara yake ya mchele na mawese, na shule zetu. Baba alikuja alipoweza. Utoto wangu niliupitisha nikisikiliza pikipiki. Nilijifunza kuzitenganisha kwa sauti, ya mwalimu, ya muuza chumvi, ya yule wa hospitali, na kila moja iliyopita bila kusimama iliniondolea kitu. Kabla ya kazi hii, mtu angeniuliza baba alikuja mara ngapi mwaka ule wa mwisho wa maisha yake, ningemwambia mara mbili, tena kwa hasira.

Nilichukua ruhusa ya wiki tatu, nikahamia kwa mama na kompyuta yangu, nikawa naichajisha kwa sahani za umeme wa jua kwenye duka la mtaa wa pili. Daftari nililikuta limefungwa kwenye kitambaa cha mpira, lile lile alilolifungia nyuma ya pikipiki. Liliandikwa mwaka mmoja kasoro wiki chache. Mistari ilikuwa imenyooka na tarehe zilikuwa kushoto. Mwandiko wake ulikuwa mdogo na wenye adabu kuliko yeye mwenyewe, kwa maana baba alikuwa mtu wa utani mwingi.

Kazi yenyewe ni ya kuchosha, na mimi naipenda. Unaanza na mahali jua lilipo kila saa ya mwaka. Hilo halihitaji shahidi. Kwetu linapita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa mwezi wa tatu na mwanzoni mwa mwezi wa kumi, na katikati ya hapo linapitia upande wa kaskazini. Halafu unaleta wingu la siku ile na kuuliza mwanga kiasi gani umekatwa, kiasi gani umefika moja kwa moja, kiasi gani umetawanyika. Mwisho programu inaikata mbingu vipande mia moja arobaini na tano, na kila kipande inakipa mng'ao wake kwa saa ile. Saa za mwaka ni elfu nane mia saba sitini. Baba aliangalia mara tatu kwa siku. Saa zilizobaki kati ya kuangalia na kuangalia nazijaza mimi.

Alinisaidia mahali ambapo hesabu peke yake ingenidanganya. Mwezi wa saba, watu wanapochoma mashamba, aliandika wingu sifuri siku kumi na mbili mfululizo, na pembeni akaongeza, kila siku: moshi, jua halina nguvu. Kompyuta ikiona sifuri inawasha mbingu kali ya samawati. Ningeipa Kabambare kiangazi cha nchi nyingine kabisa kama mtu huyu hangejisumbua kuongeza maneno manne. Nilipunguza mwanga kama alivyosema, nikajikuta namwambia asante kwa sauti, na mama akauliza jikoni kama nimeita.

Halafu nikafika kwenye Idi.

Idi ya mwaka ule baba alikuwa kwetu. Hilo silihitaji kuambiwa, kwa sababu alinibeba mabegani kwenda uwanja wa sala, mimi tayari nikiwa nimepita umri wa kubebwa, na watu wakamcheka. Lakini daftari la Kabambare lilikuwa limejazwa siku ile, asubuhi, adhuhuri na jioni, kwa mkono wake. Wingu tatu, wingu tano, wingu tano. Nilikaa nikilitazama. Binti wa mpima hali ya hewa, nimesoma kote huko, kumbe baba alikuwa anatunga.

Niliinua ukurasa karibu na uso ndipo nikaiona rangi. Tarehe ilikuwa nyeusi, kama zote. Alikuwa na desturi ya kuandika tarehe za mwezi mzima mara moja, mwezi unapoanza. Lakini mawingu ya Idi yalikuwa ya buluu. Nilifunua mbele na nyuma. Nyeusi, nyeusi, nyeusi, halafu siku nne za buluu, halafu nyeusi tena.

Hapo nikakumbuka. Tuko mkekani tunakula, jua la adhuhuri, na baba anainuka na mkono wenye wali, anatoka uani, anainua shingo na kuzunguka taratibu. Mama akamwambia:

"Wali inapoa, na weye iko unahesabia mawingu. Ile mbingu ya Kabambare imekufuata mpaka huku?"

"Mbingu iko moja, mama ya watoto," akajibu baba. "Hawakuniambia nisimame wapi."

Kisha akanigeukia mimi. "Leta biki yako, mama." Mama ndilo jina aliloniita, kama baba wengi wa kwetu wanavyowaita mabinti zao. Nami nikakimbia kuleta kalamu yangu ya shule, ya buluu, niliyokuwa naitunza kuliko viatu.

Kwa hiyo hakutunga. Aliangalia kweli, aliandika kweli, ila alikuwa amesimama kwetu. Mwenye shamba alitaka kila mstari ujazwe, naye akaujaza kwa mbingu aliyokuwa chini yake. Kwa mtu wa kazi yangu hilo ni kosa la kufukuzisha mtu. Mimi nililia, nikafuta uso kwa kanga ya mama, nikaanza kuhesabu siku za buluu.

Kuanzia mwanzo wa daftari hadi mwezi wa pili zilikuwa thelathini na moja. Alikuja mara tisa. Mimi niliyedai mara mbili nilikuwa nimezisahau saba, na nilizitamani zote pale pale, siku moja moja, alikaa wapi, alisema nini, nilikuwa nimevaa nini. Wingu mbili adhuhuri, basi ua ulikuwa na joto na tulikula ndani. Wingu nane kutwa, basi alishinda nyumbani. Sikuwahi kuisoma namba kwa namna hiyo. Nilimkosa baba siku ile kuliko siku tuliyopewa habari za kifo chake.

Hata hivyo kazi ni kazi. Shule inajengwa Kabambare, na mbingu ya uani kwetu haikutakiwa. Niliziondoa siku thelathini na moja, nikaiacha programu izizibe kwa kuangalia siku zilizo jirani nazo. Nilizihifadhi kwenye faili la pembeni ambalo hakuna aliyeniomba.

Ndipo nikafungua mwezi wa tatu, na buluu haikuisha.

Kuanzia siku ya tisa ya mwezi wa tatu, kila mstari ulikuwa wa buluu, ukurasa baada ya ukurasa, hadi katikati ya mwezi wa nne. Wiki tano na zaidi. Na wiki hizo nazijua. Ndizo wiki dada yangu mkubwa alipoolewa na baba hakuja. Tulimngoja hadi wageni wakaanza kutazamana. Baba mdogo, ndugu yake, ndiye aliyesimama kuwa walii akamwoza mtoto wa mwenzake, na dada yangu akaolewa akigeuza macho kuelekea barabarani. Wiki chache baadaye tukaletewa habari kwamba homa imemchukua baba huko huko Kabambare. Watu walimlilia. Mimi nilimlilia nikiwa nimemkasirikia, na hasira ile haikupata pa kwenda, ikakaa.

Sasa daftari linaniambia alikuwa Kasongo. Siku ya harusi yenyewe, tarehe ambayo dada yangu ameiandika nyuma ya picha yake, ilikuwa ya buluu kama nyingine.

Kwetu mwanamume kuwa na nyumba ya pili si habari ya kushangaza mtu. Kuificha ndiko kunakoumiza. Niliwaza ni mtaa gani, ni mlango upi niliopita nikienda shuleni, na mwanamke gani alimletea kalamu ya buluu. Siku mbili sikumsemesha mama sawasawa, kana kwamba yeye ndiye mkosaji. Nilifuta wiki zote tano kwenye faili, nikabaki na tundu ambalo programu haikuweza kuliziba; ilitoa tu mfululizo wa siku zinazofanana, za uongo mtupu. Mwezi wa tatu na wa nne ndio mvua kubwa, na ndipo watoto wa mstari wa nyuma wanapohitaji dirisha kuliko wakati wowote. Bila wiki hizo sikuwa na kitu cha kumpa mchoraji.

Kwa hiyo nilizirudia, kwa ubishi tu, nione kama kuna siku hata moja ya kuokoa. Nikasoma siku ya harusi. Siku zote hizo nilikuwa nimeangalia rangi, namba sikuzisoma.

Wingu mbili. Wingu mbili. Wingu tatu. Mvua hakuna.

Harusi ya dada yangu ililowa. Mvua ilianza kabla ya adhuhuri, turubai likajaa maji likaanguka juu ya masufuria ya pilau, wanawake wakakimbia na viatu mkononi, na hadi leo hakuna harusi mjini inayonyeshewa bila mtu kuitaja ile yetu. Yeyote aliyekuwa Kasongo siku ile hawezi kuandika wingu mbili. Mtu aliyeandika hivi alikuwa amesimama mahali pengine, ila rangi ya kalamu bado ilisema Kasongo.

Mama alikuwa uani anapepeta mchele. Niliketi karibu naye na daftari.

"Mama, baba alikuwa na nyumba ingine hapa Kasongo?"

Hakuacha kupepeta. "Nani amekuambia ile maneno?"

"Kaye yake." Nikaligusa daftari.

"Kaye inasema nini?"

Nikamwonyesha. Aliweka ungo chini, akalisogeza daftari mbali na macho yake, kisha karibu.

"Hii rangi ni ya biki yako," akasema.

"Ndiyo. Basi aliandikia hapa."

"Aliandikia hapa na nini? Biki haikuwa hapa. Haukumbuke? Ile asubuhi ya mwisho alienda, ulimutia biki mu mufuko ya shati. Ukasema airudishe ye mwenyewe, asiitume na mutu. Miye nilikatala, sababu ulikuwa na masomo. Ukafanya kichwa ngumu. Kesho yake mwalimu akakurudisha nyumbani juu ya kukosa biki, na miye nikakupiga."

Kipigo nilikikumbuka vizuri. Sababu yake ndiyo iliyokuwa imenitoka.

"Na miaka yote hii unamukasirikia juu ya harusi," akasema mama, akirudisha ungo mapajani. "Daraja lilikuwa limeenda na maji. Pikipiki haikuweza kupita. Nilikuambia."

"Uliniambia," nikasema. "Sikukusikia."

"Haukutaka kusikia," akasema, akaendelea na mchele wake.

Nilirudisha wiki tano ndani ya faili, bila siku mbili za mwanzo alipokuwa bado kwetu, mstari kwa mstari, kwa mkono, ingawa ningeweza kuzirudisha zote kwa pigo moja. Zilikuwa mbingu halali ya Kabambare. Baba alikuwa kazini kwake, mvua imemfungia njia, na kalamu ya binti yake mfukoni, ambayo aliambiwa airudishe mwenyewe. Kila alipomaliza kuizunguka mbingu alipita meza yenye kalamu ya shamba, akatoa ile ya kwangu.

Mbingu ilikamilika. Niliituma Bukavu na vipimo vya madirisha: ya kaskazini yashushwe na kufunikwa na paa, ya kusini yainuliwe na kuongezwa moja kila darasa. Mkuu wangu alijibu kwamba ni kazi safi, isipokuwa zinabaki siku kumi na tano mwishoni ambazo zimejazwa na programu tu. Ni kweli. Baada ya katikati ya mwezi wa nne daftari lilikuwa na tarehe bila kitu mbele yake, tarehe nyeusi hadi tarehe thelathini, alizoandika mapema kama kawaida yake akitegemea kuzifikia. Nilijua homa ilimchukua karibu na mwisho wa mwezi, na nilidhani aliugua muda mrefu kuliko tulivyoambiwa.

Siku ya kuondoka kwangu nilitaka kulirudisha daftari sandukuni. Ilikuwa alasiri, jua limeshuka linaingia mlangoni kwa ubavu. Nikalifungua mara ya mwisho pale kizingitini, na karatasi niliyoijua kuwa tupu ilikuwa na vivuli.

Nililiinamisha kidogo kuelekea mlangoni, kama watoto wale wa Kabambare. Kalamu ilikuwa imekwisha wino. Mikwaruzo yake ilikuwa ndani ya karatasi, haina rangi yoyote, imekandamizwa kwa nguvu hadi upande wa pili ikahisika kwa vidole. Wingu saba. Wingu sita, mvua. Wingu nane. Niliisoma siku moja baada ya nyingine, nikisogea kila jua liliposogea. Siku tisa. Ya kumi ilikuwa na asubuhi peke yake, wingu mbili, na mwandiko ulikuwa umetoka nje ya mstari.

Nilifungua kompyuta, nikaziandika zote, nikaketi hapo hapo hadi mama alipokuja kuuliza kama pikipiki yangu imefika. Nilikishika kidole chake, nikakiweka ukurasani. Alipapasa mistari yote kumi, halafu akapapasa tarehe zilizo pembeni, ambazo zilikuwa nyororo na nyeusi, za kalamu ya shamba, iliyokuwa mezani kwake siku zote, imejaa wino.